Haradali, Siku ya Nne

Mbegu tisa juu ya shashi yenye maji,
katika sahani ya kioo iliyosalia maabara ya shule
tangu enzi za mwalimu Bwanaadi.
Leo siku ya nne. Mizizi imeota sharafa.
Nimekata mmoja, nikaulaza ndani ya tone,
nikafunga dirisha, maana vumbi la chokaa na mlio wa punda
vyote vinaingia hapa bila hodi,
nikashusha jicho.

Unywele wa mzizi ni seli moja tu,
mrija mwembamba usio na njia ya pili,
na ndani yake kiini kinakwenda.
Sikujua kwamba kinakwenda.
Vitabuni kimechorwa duara, kimetulia kama kitovu,
wanafunzi hukipaka zambarau, nami huwapa maksi mbili.
Kumbe kimejinyoosha mfano wa kokwa ya tende,
kinaifuata ncha inayokua,
kinasimama, kinarudi nyuma kidogo, kinasogea tena,
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Nani anakivuta?

Nikakikumbuka kitanda cha mama.
Nyumba ya Mkomani ilipouzwa
kilitakiwa kifike Langoni kabla ya adhuhuri,
na miguu yake iliyokerezwa, na kichwa chake cha vioo.
Kwenye kona ya ngazi kikakwama.
Mzamil yuko ndani, ameukumbatia mguu wa kitanda;
Bunu yuko nje, kichochoroni;
baina yao ukuta wa matumbawe, unene wa mkono mzima.
Palikuwa na tundu la boriti iliyooza.
Bunu akapenyeza mkono, Mzamil akapenyeza wake,
wakashikana viganja humo ukutani, gizani,
na huko nje hamali wanne wakamkamata Bunu kiunoni.
"Ndoo! Ndoo nacho! Mato yako yako wapi?"

Kiini nacho kimevaa utando wa tabaka mbili,
na kati yake uwazi, mwembamba kupita wembe.
Protini moja imejikita tabaka la ndani,
nyingine tabaka la nje,
zinakutana kwenye uwazi ule, mkia kwa kiganja.
Na huyu wa nje amefungwa kwa miosini,
hamali asiye na jina anayetembea juu ya uzi wa aktini
akiburura mzigo mkubwa kuliko ukoo wake wote.

Haya siyaoni. Darubini hii haifiki huko.
Nimeyasoma tu, nami nayaamini
kama nilivyoviamini viganja viwili vya ukutani,
ambavyo pia sikuviona.
Niliona kitanda kikisogea.

Kuna mimea iliyozaliwa bila protini hiyo.
Kiini chake huwa mviringo, kizito,
hujikokota, hubaki nyuma.
Nilitaka nisome kwamba unywele hufa.
Haufi. Unakua vilevile, unanyonya maji,
ncha yake iko mbele, na kiini chake kiko kilekile kilikokuwa.

Hilo liliniudhi siku mbili nzima.

Mama alilala Langoni, kitanda kilekile, shuka zilezile,
na kila alfajiri nilimkuta Mkomani
mbele ya mlango wenye kufuli la wageni,
ameshika chupa ya chai na vikombe viwili.
"Nimepita tu," aliniambia.
Alikula. Alinenepa, hata. Alikuwa hayupo.

Lakini kwenye chavua, wanasema, mambo ni mengine:
kiini kikichelewa kufika mwisho wa mrija,
mbegu hupungua.
Basi kuchelewa kuna gharama; hailipwi tu kila mahali.

Taa ya darubini inachoma. Tone linakauka pembeni.
Naongeza maji kwa ncha ya kijiti, nasubiri.
Kiini kimesimama theluthi ya njia.
Nimeandika daftarini: saa tano kasorobo, hakuna mwendo.
Kisha nikafuta "hakuna", nikaandika "sijaona".

Zimebaki mbegu nane.